Jirani Zetu wa Ng'ambo ya Sibiti na Lugha Yao

Wasomaji wengi wa gazeti hili wanajua kwamba Wasukuma ni watu wa kuhama. Katika miaka ya 1940 na 1950 wengi walikwenda magharibi, wakafyeka misitu ya Geita na kulima pamba. Wengine walishika njia ya mashariki pamoja na ng'ombe zao, wakapita Meatu, wakavuka mto Sibiti utokao ziwa Kitangiri na kuingia ziwa Eyasi. Habari za Geita zasimuliwa sana. Za Sibiti hazisimuliwi, nazo zafaa kujulikana, kwa kuwa ng'ambo ile wahamaji walikuta watu.

Watu hao ni Wahadza, ambao Waswahili waliwaita Watindiga. Hukaa katika vilima vya mawe na mabonde yanayozunguka ziwa Eyasi: Mang'ola, Yaeda, Sipunga, Tli'ika, na Dunduiya upande wa magharibi. Vilima vyao leo vimegawanyika katika mikoa minne: Arusha, Manyara, Singida na Simiyu. Meatu yenyewe ilikuwa ya Mkoa wa Shinyanga mpaka mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012. Idadi yao ni kama elfu moja na mia kadhaa tu. Tangu kale hawakulima wala hawakufuga. Waliishi kwa nyama ya pori, mizizi, ubuyu, matunda na asali, tena yuko ndege awaongozaye kwenye mizinga, nao humwita kwa mluzi.

Lugha yao ina vidoko, yaani sauti za kupiga kwa ulimi, kama ile aitoayo mtu akimhimiza punda. Kwetu sauti hiyo si neno, lakini kwao ni herufi kama herufi nyingine. Kwa sababu ya vidoko hivyo, wataalamu wengi waliandika kwamba Wahadza ni ndugu wa Wasani wa Afrika ya Kusini waliosahauliwa njiani. Mtaalamu wa Kijerumani, Erich Obst, alikaa nao mwaka 1911, na Bi. Dorothea Bleek, aliyezijua vema lugha za Wasani, alifika kwao mwaka 1930. Lakini kadiri maneno yalivyolinganishwa, undugu ule haukuonekana. Mwaka 2003 wachunguzi wa urithi wa damu walieleza kwamba Wahadza na Wasani waliachana zamani mno, makumi ya maelfu ya miaka iliyopita. Hata na Kisandawe cha upande wa Kondoa, chenye vidoko pia, undugu haujathibitishwa. Basi Kihadza hakina ndugu anayejulikana duniani. Kikipotea, hakuna lugha nyingine ambayo kwayo tutaweza kukikisia.

Wako wasemao kwamba lugha ya watu wa porini ni maskini. Na tuitazame. Kila jina katika Kihadza ni la kiume au la kike, nao mwisho wa neno huonyesha jinsi na wingi. Hata jina Hadzabe tulisikialo mara nyingi lina wingi ndani yake tayari, hivi kwamba asemaye «Wahadzabe» ametia wingi mara mbili. Pundamilia aitwa dongoko, lakini akiisha kuuawa ana jina jingine, hantayii. Mwindaji arudipo kambini akitamka neno hilo moja, wote hujua kwamba nyama imepatikana. Wanyama wengine wakubwa wana majina ya namna hiyo pia. Je, lugha iliyo maskini yaweza kufanya hivyo?

Ni kweli kwamba hesabu zao za asili ziliishia mbili. Neno la tatu walilipata kwa Wadatoga. Nne kwao ni bone, tano ni botano, na kumi ni ikhumi. Kila Msukuma asomaye hapa atatambua maneno hayo yametoka nyumba gani. Basi sisi na watu hawa tu majirani tangu zamani, tukikutana na kupatana, maana mtu hachukui hesabu kwa asiyezungumza naye.

Je, lugha ndogo namna hii imedumuje? Si kwa kukosa kuguswa. Serikali ya Kiingereza ilijaribu kuwakalisha mahali pamoja walime, mwaka 1927 na tena mwaka 1939. Baada ya Uhuru serikali yetu ilijaribu vilevile mwaka 1965. Kila mara wengi walishikwa na maradhi ya watu wanaosongamana, wengine wakafa, na waliobaki wakarudi vilimani. Kule kurudi ndiko kulikoiokoa lugha yao. Lugha nyingine za wawindaji hazikuwa na pa kurudi: Kiasa cha nyika ya Umasai na Kikwadza cha upande wa Mbulu zilikufa katika karne ya 20, wenyewe wakiwa wameingia katika makabila makubwa na kusema lugha zao.

Hapa ndipo penye neno lenyewe. Lugha hukaa juu ya ardhi. Mtoto wa Kihadza hujifunza jina la mzizi siku anayokwenda na mama yake kuuchimba. Mbuga ikiliwa na ng'ombe, mzizi hauonekani, na jina lake halina wa kulitaja. Miti ikikatwa ili kupata mashamba, nyuki huhama, na maneno ya asali huhama nao. Wakulima na wafugaji wameingia kwao toka pande zote, na upande wa magharibi walioingia ni Wasukuma. Mwaka 2007 kulikuwa na mpango wa kuwapa wageni matajiri bonde la Yaeda wawinde humo, ukaachwa baada ya watu kupaza sauti. Mwezi wa Oktoba 2011 Wahadza wa Yaeda walipewa hati ya ardhi yao. Nadhani hati hiyo imeilinda lugha yao kuliko kamusi kumi, ingawa kamusi nazo zatakiwa.

Wahadza karibu wote wajua Kiswahili, na watoto wao husomeshwa kwa Kiswahili. Hilo si baya, maana bila Kiswahili hawawezi kujitetea mbele ya hakimu wala kusoma hati yao. Lakini mwalimu amchekaye mtoto kwa vidoko vyake amfundisha kuwaonea aibu wazazi wake, na mtoto aliyejifunza aibu hiyo hatawasemesha wanawe lugha ya babu zao.

Sisi Wakristo twajua kwamba siku ya Pentekoste Roho Mtakatifu hakuwaamuru watu waache lugha zao kwanza ndipo wasikie. Kila mmoja alisikia kwa lugha ya kwao, naye aliyetoka nchi ndogo hakusahauliwa. Basi ndugu mwenye ng'ombe ufikaye Sibiti wakati wa kiangazi ukiitafuta mbuga ya ng'ambo, uliza kwanza ni ya nani. Na ukiulizwa wewe u nani, hesabu moja hadi kumi. Mzee wa kule atakusikia, naye atajua kwamba ametembelewa na jirani.