Mkate Uliogawanywa kwa Siku 45

Juma lililopita kijana mmoja alinikuta kwenye kituo cha matatu akaniuliza, "Mzee, hiyo serikali ya nusu mkate mnayoitaja kila mara redioni ilikuwa kitu gani hasa?" Nilipomwuliza umri wake, nikagundua kwamba mwaka 2008 alikuwa bado anabebwa mgongoni. Nilimpa jibu la haraka kwa sababu matatu ilikuwa karibu kujaa. Jibu lile halikuniridhisha hata mimi mwenyewe, na leo nataka kulitoa upya kwa utaratibu.

Wengi wetu tunapoikumbuka serikali hiyo ya mseto huona picha moja tu. Ni Alhamisi, tarehe 28 Februari 2008, mbele ya Harambee House jijini Nairobi. Rais Mwai Kibaki na Raila Odinga wanatia sahihi mkataba wa kugawana madaraka, mbele ya mashahidi wawili: Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, na Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania, ambaye wakati huo alikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika. Siku ile watu waliokuwa hawajalala usingizi tangu mwaka mpya walilala. Hata hivyo, posa si ndoa. Baada ya sahihi zile, nchi ilikaa kwa majuma zaidi ya sita bila baraza la mawaziri lililoahidiwa.

Hebu tuhesabu pamoja. Annan aliwasili Nairobi tarehe 22 Januari. Kutoka siku hiyo hadi siku ya mkataba ni siku 37. Kutoka siku ya mkataba hadi baraza kutangazwa, tarehe 13 Aprili, ni siku 45. Yaani viongozi wetu walihitaji muda mrefu zaidi kugawana viti kuliko walivyohitaji kukubaliana kusimamisha umwagaji damu. Kwa nini ilikuwa hivyo?

Tuanzie pale mambo yalipoharibikia. Uchaguzi ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007. Tarehe 30 Kibaki alitangazwa mshindi na kuapishwa jioni ile ile, na upande wa ODM ukayakataa matokeo. Ghasia zilizofuata ziliua watu zaidi ya 1,100, kama ilivyokuja kuthibitishwa na tume ya Jaji Philip Waki, na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Katika hali hiyo, tarehe 8 Januari 2008, siku ile ile aliyowasili Rais John Kufuor wa Ghana kujaribu kupatanisha, Kibaki alitangaza nusu ya baraza lake. Kalonzo Musyoka akawa Makamu wa Rais. Fedha, Usalama wa Ndani, Mambo ya Nje na Haki zikapata wenyewe. Kwa hiyo kabla wapatanishi hawajaketi, minofu ilikuwa imekwisha kutolewa chunguni, na aliyeipata hakuwa na haraka ya kuirudisha.

Lakini chanzo cha ugumu ule kilikuwa cha zamani zaidi ya hapo. Mwaka 2002, makundi mawili yaliyoungana kuwa NARC, yaani NAK ya Kibaki na LDP ya kina Raila, yaliandikiana hati ya maelewano kwamba yangegawana vyeo nusu kwa nusu. Baada ya ushindi, LDP ililalamika kwamba hati ile iliwekwa kabatini. Mwaka 2005 upande wa Raila ukaipinga rasimu ya katiba, serikali ikashindwa katika kura ya maoni, na Kibaki akalivunja baraza lake lote. Alipoliunda upya, kina Raila wakawa nje. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Ndiyo maana mwaka 2008 ODM haikutaka tena ahadi ya mdomo wala karatasi ya siri. Ilitaka sheria, na sheria ikapitishwa na Bunge tarehe 18 Machi.

Sheria hiyo nayo ilikuwa na pengo lake. Ilisema baraza lizingatie nguvu za vyama bungeni pamoja na uwiano wa wizara. Haikutaja wizara zingekuwa ngapi, wala nani angepewa ipi. Nguvu za bungeni zilihesabika: ODM ilikuwa na viti 99, PNU 43, na washirika wa kila upande wakajazia. Lakini uzito wa wizara unapimwa kwa mizani gani? Je, Kilimo kinalingana na Fedha? Ukimpa mtu Utalii na Ardhi, umemlipa Usalama wa Ndani? Hapo ndipo siku 45 zilipoishia. ODM ilitaka baraza dogo zaidi na PNU ikataka kubwa zaidi, na mwanzoni mwa Aprili wakaafikiana mawaziri 40. Baraza lilikuwa litangazwe Jumapili tarehe 6 Aprili, halikutangazwa. Tarehe 8, ODM ikasimamisha mazungumzo, na matairi yakaanza tena kuwaka Kibera. Annan alikuwa amekwisha ondoka nchini. Hatimaye Kibaki na Raila wakakutana katika ikulu ndogo ya Sagana, na kesho yake, Jumapili tarehe 13, orodha ikatoka.

Siku ile nilikuwa zamuni. Nilikuwa kijana, diploma yangu ya uandishi wa habari haijafifia wino, na nilikabidhiwa orodha nzima niisome hewani bila kuruka jina. Nilisoma na kusoma. Rais, Makamu wa Rais, Waziri Mkuu, manaibu wawili wa Waziri Mkuu, ambao ni Musalia Mudavadi na Uhuru Kenyatta, kisha mawaziri mmoja baada ya mwingine. Nikagundua nikiwa katikati kwamba wizara zilikuwa zimezaana. Afya ilikuwa imepasuliwa mbili: Huduma za Tiba kwa Profesa Anyang' Nyong'o wa ODM, na Afya ya Umma kwa Beth Mugo wa PNU. Kilimo kilikuwa na waziri wake, mifugo wake, na samaki wake. Mazingira yalitenganishwa na misitu. Elimu ilitenganishwa na elimu ya juu. Barabara, ujenzi wa majengo ya serikali na nyumba, kila kimoja kilipata bendera yake. Nilipomaliza, muda wa matangazo ya vifo ulikuwa umekwisha kuliwa, na familia zilizolipia zikaambiwa zisubiri hadi jioni.

Simu ya kwanza iliyoingia studioni ilitoka kwa mama mmoja aliyekuwa kambini, kwenye uwanja wa maonyesho wa Nakuru. Aliuliza bila hasira, "Kijana wangu, umesoma vizuri. Na sisi tulio huku kwenye mahema tuko chini ya waziri yupi?" Nilipekuapekua karatasi mbele ya kipaza sauti kilichokuwa wazi. Jibu lilikuwapo: Wizara ya Mipango Maalumu, ya Dakta Naomi Shaban. Lakini ilinichukua muda kuipata, na aibu ile ninayo mpaka leo. Kwa majuma sita nilikuwa nimesoma taarifa za mvutano juu ya Fedha, Nishati, Mambo ya Nje na Serikali za Mitaa. Sikuwa nimesoma hata taarifa moja ya watu wawili wakigombea wizara ya kuwarudisha wakimbizi nyumbani. Hiyo haikuwa na uzito kwenye mizani yao.

Sisemi haya ili kuibeza serikali ile. Bunduki, mishale na mapanga vilinyamaza, na hilo si dogo kwa mtu aliyeona Januari ya 2008. Mawaziri waliapishwa tarehe 17 Aprili, na mwezi wa Mei mpango wa kuwarudisha wakimbizi makwao ukaanza, ingawa wengine walibaki katika mahema kwa miaka. Waliokuwa wakitukanana mikutanoni waliketi meza moja kwa miaka mitano. Zaidi ya yote, serikali hiyo ndiyo iliyotupa katiba mpya ya mwaka 2010, jambo ambalo serikali zilizokuwa na wingi wa kutosha zilishindwa kulifanya.

Hata hivyo, gharama yake haikufichika. Kwa kuwa karibu kila chama kikubwa kilikuwa serikalini, Bunge lilikosa upinzani rasmi. Aprili 2009 pande mbili zilivutana juu ya nani aongoze shughuli za serikali bungeni, Kalonzo au Raila, na Spika Kenneth Marende akalazimika kukalia mwenyewe kiti cha kamati inayopanga shughuli hizo. Februari 2010 Raila aliwasimamisha mawaziri wawili, William Ruto wa Kilimo na Profesa Sam Ongeri wa Elimu, kwa sababu ya tuhuma za ufisadi katika wizara zao. Rais akatengua uamuzi ule. Waziri mwenye wakubwa wawili ana njia rahisi: akibanwa na mmoja, hukimbilia kwa mwingine.

Kuna waliojifunza kwa njia nyingine. Ng'ambo ya mpaka, huko Zanzibar, Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana mwaka 2009. Mwaka uliofuata wakaandika kanuni kabla ya kura: wananchi wakaulizwa kwa kura ya maoni tarehe 31 Julai 2010, katiba ikarekebishwa, na ikajulikana kwamba mawaziri wangegawanywa kwa uwiano wa viti vya Baraza la Wawakilishi. Uchaguzi ulipofanyika tarehe 31 Oktoba, serikali ya umoja wa kitaifa ilipatikana ndani ya majuma machache tu. Kanuni hiyo haikuzuia kila balaa, kwani uchaguzi wa 2015 ulifutwa na CUF ikasusia marudio ya Machi 2016. Lakini ilionyesha kwamba kisu cha kukatia mkate kikiwekwa mezani mapema, hakuna anayelala na njaa akingoja wakubwa wapatane.

Nasi Wakenya tulijifunza jambo moja na kuliandika. Katiba ya 2010 inasema mawaziri wasipungue 14 wala wasizidi 22, na wasiwe wabunge. Hizo nambari, kijana wangu wa kituoni, ni kumbukumbu ya ile orodha ya 40. Lakini katiba haikuandika mizani. Julai 2024, baada ya vijana kuandamana, Rais Ruto alilivunja baraza lake, na lilipoundwa upya wakaingia wanasiasa wa ODM, miongoni mwao John Mbadi akipewa Hazina. Nilisikiliza simu za wasikilizaji juma lile. Wengi walihesabu nani wa upande gani na wa kutoka wapi. Wachache waliuliza waliouawa barabarani wangehudumiwa na wizara ipi.

Kibaki alituaga mwaka 2022, na Raila akamfuata Oktoba 2025. Waliotia sahihi hawapo tena wa kuulizwa. Tuliobaki ni sisi tuliosikiliza orodha. Nikipewa tena orodha ya baraza la mseto niisome, nitaanza kuitafuta wizara ya yule mama wa Nakuru kabla sijafungua kipaza sauti. Nakuomba nawe, msikilizaji, uitafute kabla ya kuuliza nani amepata Fedha.