Urithi wa Mjane katika Nchi ya Usukuma

Zamani katika Shinyanga na Geita, mtu akiuliza mtoto huyu ni wa nani, jibu lilianzia zizini. Mahari ikiwa imetolewa, watoto walikuwa wa baba na ukoo wake, nao walirithi huko. Isipotolewa, walikuwa wa upande wa mama, wakarithi kwa wajomba. Utemi wenyewe, katika sehemu nyingi za Usukuma, ulishikwa na mwana wa dada ya mtemi. Twayataja haya kwanza kwa sababu siku hizi husemwa kwamba mila ya Wasukuma tangu asili yafuata baba peke yake. Asemaye hivyo amesoma Tangazo la Serikali. Habari za Wasukuma hajazisikia.

Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa mtaalamu wa mila katika Serikali ya Tanganyika, alishiriki kuandika sheria za Wahaya mwaka 1945, na mwaka 1953 kikachapwa kitabu chake cha sheria na desturi za Wasukuma. Ni kitabu chenye faida, wala hatukibezi. Lakini hukumu ya barazani na sentensi ya kitabuni si kitu kimoja. Barazani wazee humtazama mjane huyu, na watoto hawa, na ng'ombe hawa, wakapatanisha. Kitabuni hubaki kanuni peke yake.

Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alipokuwa Rais aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akitaka watu waache kuona haya kwa mambo ya kwao. Mwaka uliofuata, 1963, utemi ukafutwa. Mwaka huo huo Serikali, ikikusudia kuziunganisha sheria za makabila yafuatayo ukoo wa baba, ilitoa Matangazo namba 279, juu ya ndoa, mahari, wajane na watoto, na namba 436, juu ya urithi. Wasukuma waliwekwa humo. Basi waliozoea kuamua kwa mila waliondolewa barazani, na mila ikatiwa kabatini, katika mwaka mmoja.

Kanuni za urithi zasema hivi. Mwana wa kiume wa kwanza wa nyumba ya kwanza ana daraja la kwanza. Wana wa kiume wengine, daraja la pili. Mabinti, la tatu. Binti aweza kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, bali asiiuze. Mjane hana fungu ikiwa mumewe ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Neno hilo, kutunzwa, ni neno jema, na katika nyumba yenye wana wema latosha. Lakini utunzaji haupimwi wala haugawanywi kwa hakimu kama ng'ombe wagawanywavyo. Na mjane ambaye mtoto wake bado yuko mgongoni, atatunzwa na nani?

Mwaka 1969 Serikali ilitoa waraka wa mapendekezo juu ya ndoa, na watu wakabishana sana. Wako waliosema kwamba mila za Kiafrika zaharibiwa. Hata hivyo Sheria ya Ndoa ilipita mwaka 1971: ndoa haibatiliki kwa sababu mahari haijatolewa, na mjane yu huru kukaa apendapo, aolewe tena na amtakaye au asiolewe. Urithi haukuguswa. Kisha mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali, naye akiachwa astahili fungu. Angalia basi matokeo yake: aliyeachwa aweza kupata fungu, na aliyekaa na mumewe mpaka akamzika atoke mikono mitupu. Hatudhani kwamba mzee yeyote wa Usukuma angebuni mila ya namna hii.

Geita yaonyesha jambo hili wazi zaidi. Baada ya mwaka 1947, kwa mpango wa maendeleo wa Serikali ya Kiingereza, Wasukuma wengi walihamia huko, misitu yenye mbung'o ikafyekwa. Shamba la huko halikuwa la mababu; mume na mke walilifyeka pamoja. Tena, tangu machimbo ya dhahabu ya miaka ya 1930 hata mgodi mkubwa uliofunguliwa mwaka 2000, wako wengi ambao mali yao ni nyumba ya mjini na duka, wala si zizi. Kanuni ni ile ile.

Wajane wawili wa Shinyanga, Wasukuma, walitolewa na wakwe katika nyumba walizokaa na waume zao. Wakaenda Mahakama Kuu. Walikuwa na tumaini, kwani mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, huko Mwanza, alikwisha kuamua katika shauri la mwanamke wa Kihaya kwamba kumzuia kuuza ardhi ya ukoo kwapingana na haki zilizotiwa katika Katiba mwaka 1984. Lakini mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni za urithi zabagua, kisha ikakataa kuzifuta: mila, ilisema, haibadilishwi kwa hukumu, na wenye malalamiko waende kwenye halmashauri za wilaya zao. Mwaka 2010 rufani yao ikatupwa kwa kasoro ya hati.

Hapa hatukubaliani. Ikiwa kalamu ya Serikali iliweza kuifanya mila kuwa Tangazo mwaka 1963, kalamu ya jaji ina udhaifu gani? Na mila iliyo hai haiogopi kuguswa. Padre David Clement alipojenga nyumba ya makumbusho pale Bujora, alihifadhi ngoma na viti vya watemi; lakini nje ya nyumba hiyo Bagika na Bagalu walizidi kushindana kwa nyimbo mpya, wala hakuna aliyewaambia kwamba wameuvunja Usukuma.

Machi 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayoangalia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985, iliwapa wajane hao haki, ikataka walipwe fidia na kanuni zirekebishwe. Kanuni zilikuwa na umri wa miaka 52.

Tangazo namba 436 lina sehemu nyingine isiyosomwa sana, yaani ya wosia. Wosia wa mdomo wataka mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wa maandishi, kwa ajuaye kusoma na kuandika, wataka wawili. Padre na mwalimu, waitwao kwa mgonjwa kabla ya hakimu kuitwa, hukubalika kuwa watu baki.