Kunena Waziwazi



Katika sura ya 4 ya Matendo ya Mitume tunasimuliwa jinsi wakuu wa Yerusalemu walivyoshangazwa na ujasiri wa Petro na Yohane. Neno la Kigiriki lililotumika hapo ni parrhesia, lililoundwa kwa maneno mawili: "yote" na "kunena". Maana yake ni kusema yote, pasipo kubakiza neno moyoni. Halikuzaliwa kanisani. Waathene walilitumia kwa uhuru wa raia kusema aonavyo mbele ya baraza, uhuru ambao mtumwa hakuwa nao. Ajabu ya sura ile ni kwamba sasa uhuru huo umo vinywani mwa wavuvi wasio na elimu.

Biblia ya Union ya mwaka 1952 hailitafsiri kwa neno moja. Katika Matendo ni "ujasiri", katika Marko 8:32 ni "waziwazi". Twaona kuna kitu kidogo kinachopotea, maana ujasiri ni wa moyo na uwazi ni wa maneno, na parrhesia hudai vyote viwili. Papa Fransisko aliwaomba maaskofu wa Sinodi neno hilihili mwezi Oktoba 1914 ulipokwisha kutimiza karne moja, yaani mwaka 2014. Akaongeza kwamba anayesikiliza naye asikilize kwa unyenyekevu.

Nasi hapa Ndungu, tukiinua macho kutoka mashamba ya mpunga na kuitazama milima, twakumbuka habari ya mbiru. Zamani mbiru ilikuwa ushuru ambao Wapare waliwatolea watawala wao. Katika miaka ya 1940 jina hilo la heshima lilivikwa kodi mpya ya serikali ya kikoloni, iliyotozwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Mtu aliambiwa kiasi chake asielewe kimefikiwaje. Jina lilikuwa la kale, kitu kilikuwa kigeni, na watu hawakudanganyika.

Mwaka 1945 maelfu waliteremka hadi Same, wakakaa karibu na boma la Mkuu wa Wilaya, bila silaha, wakikataa kurudi makwao kabla ya kujibiwa. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria mzaliwa wa Upare, aliandika kitabu juu ya mgogoro huo mwaka 1971.

Lakini walionena yote, kwa maana kamili ya neno, walikuwa wanawake wa Usangi. Walimzingira afisa wa serikali wakamtaka achague: amalize shauri hili waume zao warudi, ama yeye mwenyewe awe mume wao wote na kuwazalisha. (Wasomaji watuwie radhi, hayo ndiyo waliyosema, na kuyapamba kungekuwa kinyume cha neno tunalolieleza.) Mgogoro uliendelea hadi mwaka 1947, na kodi ile ya kukadiria ikaondolewa.