KUKOPESHANA NI KUTARAJIANA: WAZEE WETU WANAOISHI NA VVU



Katika kuadhimisha miaka kumi tumezoea kuhesabu hisa, mikopo na viti vya plastiki tulivyonunua. Mimi nimeombwa niandike historia, na nimechagua ya wenzetu ambao hawahesabiwi sana, yaani wazee wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Wamo hapa Tangini, wamo Kibaha nzima na Kisarawe, na wamo katika vikundi kama hiki chetu. Majina sitayataja. Siri ya mtu si mali ya kikundi.

Tuanze mbali kidogo. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mwaka 1983 mkoani Kagera. Kule ugonjwa ukaitwa Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikiletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Kufikia 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa na wagonjwa. Vijana wa wakati ule walifanya mzaha, eti AIDS maana yake ni "Acha Iniue Dogodogo Siachi". Tarehe 31 Desemba 1999 Rais Benjamin Mkapa alitangaza kuwa UKIMWI ni janga la taifa. Aliyekuwa na miaka 35 siku ile, leo amepita 60. Ndio wazee ninaowasema.

Miaka ile mtu wa kawaida hakuwa na dawa. Kupewa majibu ilikuwa kama kuambiwa jiandae. Watu waligawa vyombo vyao na kuacha mashamba. Nani apande mkorosho ambao hatauvuna? Na nani amkopeshe mtu wa namna hiyo? Hata kwenye upatu, aliyekonda aliwekwa wa mwisho kupokea, eti akifa atatuachia deni. Jamani, tulikuwa tukimzika mtu akiwa bado anatembea.

Lakini faraja ilitangulia dawa. Mwaka 1989 ilianzishwa WAMATA, yaani Walio katika Mapambano na AIDS Tanzania, Theresa Kaijage akiwa mwanzilishi. Wagonjwa na familia zao wakapata pa kusemea. Dawa za bure za serikali zilikuja mwaka 2004. Mwanzoni ulimeza asubuhi na jioni, na wengine miguu iliwaka moto. Tangu mwaka 2016 kila anayekutwa na virusi huanzishiwa dawa bila kusubiri adhoofike. Siku hizi wengi humeza kidonge kimoja kwa siku, na ambaye virusi vyake havionekani tena kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana.

Basi mwili umepata tiba. Je, moyo? Dawa hupunguza virusi, haiondoi aibu. Mzee akionekana kliniki watu husema, "Na uzee ule naye?" Kwa hiyo huificha kadi chini ya godoro, huenda kliniki ya mbali, na nauli inamshinda. Hapo hapo ana presha au sukari, na pengine analea wajukuu wa watoto aliowazika mwenyewe.

Sasa nije nyumbani. Katika miaka yetu ya mwanzo, mama mmoja mtu mzima aliomba mkopo akaange mihogo. Mtu akanong'ona jambo. Kikao kikanyamaza. Nakiri, mimi nilikuwa mmoja wa waliotaka asipewe. Mwenyekiti akauliza, "Kanuni zetu zinasemaje?" Kanuni zinataka hisa na wadhamini wawili. Afya haikuandikwa humo. Akapewa, arejeshe kwa miezi mitatu.

Alirejesha yote. Baadaye aliniambia, bila kujua nilivyosema siku ile: "Hospitali walinipa dawa za mwezi mmoja. Ninyi mkanipa deni la miezi mitatu. Nikajua kuna watu wanaotegemea nitakuwepo." Niliinama chini nisijue la kujibu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Tunasema wazee hawa wana moyo wa chuma, kumbe moyo huo una vitu vinavyoushikilia: mjukuu anayesubiri uji, zamu ya kushika ufunguo wa sanduku, deni ambalo lazima lilipwe. Anayeonewa huruma tu huchoka upesi. Anayeaminiwa huamka asubuhi, maana kuna kazi inamngoja.

Mwaka 2025 Marekani ilipopunguza misaada yake, hofu ya zamani iliwarudia baadhi yao. Hatuwezi kuleta dawa sisi. Lakini mfuko wetu wa jamii unaweza kutoa nauli ya kliniki bila kuuliza kliniki gani. Tunaweza kumruhusu mtu aondoke mapema kikaoni bila kumkodolea macho. Tena sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza unyanyapaa na kutoboa siri ya majibu ya mtu. Tusingoje kukumbushwa na polisi.

Kila mwisho wa mwaka tunapovunja kikundi na kugawana, huwa tunaulizana nani atarudi kwenye mzunguko mpya. Vijana wengine huhama. Yule mama wa mihogo hajakosa kurudi hata mwaka mmoja, na safari hii mkopo aliouomba ni wa kununulia miche ya mikorosho.

Tumempa.