Tasmania: Ziwa lililozama na mto uliosalia

Magharibi mwa Tasmania, jimbo la kisiwa lililo kusini mwa Australia, hunyesha mvua nyingi, na kwa miaka mingi wakuu wa jimbo hilo waliyaona maji yake kuwa ni umeme unaosubiri kuvunwa. Wapiga picha wawili, wote wenye asili ya nchi za Baltiki, waliyatazama kwa jicho jingine.

Wa kwanza, Olegas Truchanas, alizaliwa Lithuania mwaka 1923, akahamia Tasmania baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Alikuwa karani wa tume ya umeme ya jimbo. Siku za mapumziko alipanda milima na kushuka mito kwa mtumbwi, akiwa na kamera yake. Mwezi Februari mwaka 1967 moto wa msituni uliiteketeza nyumba yake pamoja na picha alizozikusanya kwa miaka mingi.

Truchanas alianza upya, na muda ulikuwa mfupi. Mwajiri wake alikuwa amekusudia kulizamisha Ziwa Pedder, lenye ufuko mpana wa mchanga wa rangi ya waridi hafifu, chini ya maji ya mabwawa mapya. Mwaka 1971 alizionyesha picha zake katika ukumbi wa mji wa Hobart, na watu wakafurika. Hata hivyo, mwaka 1972 ziwa lilimezwa. Yeye hakuuona mwisho huo: mwezi Januari mwaka huo aliteleza katika mto Gordon, maji yakamchukua.

Aliyeuona mwili wake ni Peter Dombrovskis, kijana ambaye Truchanas alikuwa kwake mwalimu na mfano wa baba. Dombrovskis alizaliwa mwaka 1945 katika kambi ya wakimbizi nchini Ujerumani, na wazazi wake walikuwa Walatvia.

Kamera ya Dombrovskis ilikuwa kubwa na nzito, ya kusimamishwa juu ya miguu mitatu, na kila picha ilitaka kipande chake cha filamu. Mwenye chombo cha namna hiyo hapigi ovyo. Hana budi kungoja. Ndivyo alivyoipata picha ya Rock Island Bend, katika mto Franklin: maji yenye povu, mwamba ulioota miti, na ukungu wa asubuhi juu ya korongo.

Mahali hapo palikuwa pazame pia, kwani tume ilitaka bwawa jingine katika mto Gordon, chini ya makutano yake na Franklin. Katika kura ya maoni ya Desemba 1981, wananchi walitakiwa kuchagua baina ya mabwawa mawili. Takriban theluthi yao waliandika kwenye karatasi kwamba hawataki bwawa lolote. Mwaka uliofuata eneo hilo liliingizwa katika Urithi wa Dunia, huku waandamanaji wakianza kuuzuia ujenzi. Zaidi ya 1,200 walikamatwa.

Kabla ya uchaguzi mkuu wa tarehe 5 Machi 1983, picha hiyo ilichapishwa magazetini kwa rangi, ukurasa mzima, ikiwauliza wasomaji kama wangeweza kukichagua chama kitakachouangamiza mto huo. Chama cha Labor cha Bob Hawke kilishinda, na tarehe 1 Julai mahakama ya juu kabisa, kwa majaji 4 dhidi ya 3, ikaamua kwamba serikali ya shirikisho ina mamlaka ya kulizuia bwawa.

Picha peke yake haikuleta ushindi huo. Tena katika Tasmania yenyewe, ambako wengi walitarajia ajira za ujenzi, Labor haikupata hata kiti kimoja cha Baraza la Wawakilishi. Macho hayana pazia, wasemavyo Waswahili, lakini hayafiki mbali. Picha ndiyo iliyoufikisha mto kwa wapiga kura wa miji ya mbali, ambao wengi wao hawakuwahi kuukanyaga ukingo wake.

Dombrovskis alifariki mwaka 1996, akiwa katika safari ya kupiga picha kwenye milima ya kusini magharibi mwa kisiwa hicho. Franklin ungali unatiririka. Ufuko wa Pedder ungali chini ya maji, na wapo wanaodai hadi leo kwamba ziwa hilo lirejeshwe, wakishika mkononi picha za karani wa tume ya umeme.