Turbo za miaka ya 90: Akiba ya nguvu iliyoachwa na kiwanda, na jinsi ya kuitoa bila kuua injini

Gari lina miaka 30. Rangi imepauka, viti vimechoka, spea hazipatikani kila duka. Lakini mwenye nalo hataki hata kusikia habari ya kuliuza.

Ndivyo ilivyo kwa magari ya spoti yenye turbo yaliyotoka Japani kuanzia mwisho wa miaka ya 80: Nissan Skyline GT-R, Subaru Impreza WRX, Mitsubishi Lancer Evolution na Toyota Supra. Mwaka 2021, Supra ya rangi ya chungwa iliyotumika kwenye filamu ya The Fast and the Furious ya 2001 iliuzwa mnadani Marekani kwa dola 550,000.

Hizo ni bei za matajiri. Kwa kijana wa Nairobi, Arusha au Kampala, mvuto mkubwa ni kwamba injini hizi zinaongezeka nguvu, nyingine hadi mara mbili ya zile za kiwandani. Hilo ni kweli. Kisichosemwa sana ni kwamba njia ileile inayoongeza nguvu ndiyo inayoweza kuimaliza injini kwa safari moja tu.

Turbo inafanyaje kazi?

Injini ya kawaida huvuta hewa yenyewe. Injini ya turbo husukumiwa hewa.

Moshi unaotoka kwenye silinda huzungusha gurudumu dogo lenye mapanga. Gurudumu hilo limeungwa kwa mhimili mmoja na jingine upande wa pili, ambalo huvuta hewa safi na kuishindilia ndani ya injini. Mhimili huo unaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, huku ukielea kwenye utando mwembamba wa oili.

Hewa ikiwa nyingi, injini inaweza kuchoma petroli nyingi zaidi kwa mkupuo mmoja. Hapo ndipo nguvu inapotoka. Turbo ikisukuma kwa presha ya bar 1, maana yake hewa inaingia kwa takriban mara mbili ya presha ya kawaida ya nje.

Tatizo ni joto. Hewa ikishindiliwa hivyo inaweza kupita nyuzi 100. Ndiyo maana kuna intakula, yaani rejeta ya kupoza hewa kabla haijaingia kwenye silinda.

Kwa nini kuna nguvu za akiba?

Kuanzia mwaka 1989, kampuni za magari za Japani zilikuwa na makubaliano kwamba gari lolote linalouzwa nchini humo lisitangazwe kuwa na zaidi ya farasi 280. Makubaliano hayo yalidumu hadi 2004.

Lakini wahandisi hawakuacha kushindana. Walijenga injini zenye uwezo wa kubeba mzigo mkubwa zaidi, kisha kwenye karatasi wakaandika 280. Zaidi ya hapo, baadhi ya magari haya yalitengenezwa ili kampuni ziruhusiwe kushiriki mashindano, kwa hiyo injini ya mtaani ilibeba mifupa ya gari la mbio.

Fundi anayeongeza nguvu leo, kwa kiasi kikubwa anachota akiba iliyoachwa na kiwanda.

Injini nne, tabia nne

Toyota Supra (1993–2002): Injini yake ni 2JZ-GTE, lita 3, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, turbo mbili. Bloku ni ya chuma kizito kisichotingishika, na ndiyo sababu inasifiwa kuliko zote. Wapo walioifikisha zaidi ya farasi 1,000, japo kwa kubadilisha vitu vingi mno.

Nissan Skyline GT-R (kuanzia 1989): Injini ni RB26DETT, silinda sita, lita 2.6, turbo mbili, na nguvu huenda magurudumu yote manne. Ilitawala mbio za Bathurst, Australia, mwaka 1991 na 1992. Udhaifu wake unaojulikana ni pampu ya oili. Pia turbo za R32 na R33 zina gurudumu la seramiki, ambalo likizidishiwa presha huvunjika.

Mitsubishi Lancer Evolution (kuanzia 1992): Injini ni 4G63, lita 2, silinda nne, bloku ya chuma. Ni ndogo lakini ngumu. Tommi Mäkinen alichukua ubingwa wa dunia wa rali mara nne mfululizo na Lancer, 1996 hadi 1999.

Subaru Impreza WRX (kuanzia 1992): Injini ni EJ20, lita 2, boksa, yaani pistoni zimelala na kupigana ngumi kushoto na kulia. Mngurumo wake ndio unaofanya watu wageuke barabarani. Bloku ni ya alumini, na kati ya hizi nne ndiyo inayosamehe kidogo zaidi. Oili ikipungua au mchanganyiko wa hewa na petroli ukikosewa, beringi za krenki na pistoni huumia haraka.

Afrika Mashariki inaingiaje hapa?

Magari haya si mageni kwetu. Celica ya turbo ilishinda Safari Rally mwaka 1984, 1985 na 1986, na Mkenya Ian Duncan akashinda na Celica nyingine ya turbo mwaka 1994. Mäkinen alishinda na Lancer mwaka 1996 na 2001. Colin McRae alishinda na Impreza mwaka 1997, na Richard Burns akafanya hivyo mwaka 2000. Watoto waliokaa pembezoni mwa barabara za vumbi kuyatazama ndio watu wazima wanaoyatafuta leo.

Pia kuna sababu ya kijiografia. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa huko ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kadiri inavyopanda, takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Turbo hufidia sehemu kubwa ya pengo hilo kwa kushindilia hewa zaidi. Lakini haifanyi hivyo bure. Inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi na kutoa joto zaidi kuliko ikiwa Dar es Salaam au Mombasa.

Kwa nini injini zinakufa?

Njia rahisi ya kuongeza nguvu ni kupandisha presha ya turbo. Fundi anaweza kufanya hivyo kwa dakika chache, kwa kifaa cha bei ndogo. Gari linatoka gereji likiwa limebadilika kabisa, linavuta kama lina hasira. Mwenye gari anafurahi.

Tatizo ni kwamba hewa imeongezeka, lakini pampu ya petroli, nozeli na kompyuta ya gari ni zilezile. Zikishindwa kuleta petroli ya kutosha, joto ndani ya silinda hupanda na petroli huanza kulipuka kabla ya wakati wake. Mafundi huita hali hiyo injini kunoki. Kila mlipuko wa namna hiyo ni kama nyundo juu ya pistoni. Ikitokea mfululizo, pistoni hupasuka au kutoboka.

Petroli yenyewe ina mchango. Magari mengi ya aina hii ya soko la Japani yalisetiwa kwa petroli ya daraja la juu ya huko, yenye okteni inayokaribia 100. Petroli ya kawaida ya vituo vingi vya Afrika Mashariki iko chini ya hapo. Maana yake, hata kabla hujagusa kitu, akiba imeshapungua. Mipangilio iliyonakiliwa kutoka gari la Tokyo au London haifai kumwagwa hivihivi kwenye gari linalotembea Nakuru au Morogoro.

Mpangilio sahihi wa kuongeza nguvu

1. Pima afya kwanza. Pima kompresheni ya kila silinda. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, simama hapo. Hiyo injini inahitaji matengenezo, haihitaji nguvu.

2. Rudisha uzima wa kiwandani. Plagi, taimingi belti, mipira iliyokauka, rejeta, oili. Injini zote nne zilizotajwa hapa hutumia taimingi belti, na kwa baadhi yake ikikatika valvu hukutana na pistoni.

3. Weka geji. Presha ya turbo, presha ya oili, na geji ya mchanganyiko wa hewa na petroli. Bila hizo, dereva hana namna ya kujua kinachoendelea ndani.

4. Isaidie kupumua na kupoa. Eksozi inayopitisha moshi vizuri na intakula kubwa zaidi.

5. Ongeza petroli. Pampu na nozeli zenye uwezo wa nguvu unazolenga.

6. Seti kompyuta. Ifanyike kwenye daino, mashine ya kupimia nguvu za gari, kwa petroli ileile utakayotumia kila siku na katika mji unaoishi.

7. Presha, au turbo kubwa, ndiyo ya mwisho. Si ya kwanza.

Na kabla ya yote hayo kutumika barabarani, tazama breki na matairi. Gari la mwaka 1995 lilijengwa kwa breki za kusimamisha nguvu za mwaka 1995. Kuongeza farasi 150 bila kugusa breki ni kuhatarisha maisha yako na ya anayevuka barabara.

Kabla ya kununua

Liwashe likiwa limelala usiku kucha, si baada ya muuzaji kulipasha moto. Moshi wa bluu maana yake linakula oili. Mlio wa kugonga kutoka chini ya injini unaoongezeka ukikanyaga mafuta ni dalili mbaya, hasa kwa Subaru. Muulize muuzaji nani aliseti kompyuta na lini. Jibu likiwa "lilikuja hivyohivyo," panga bajeti ya kuanza upya.

Ukishalipata, badilisha oili mapema kuliko gari la kawaida. Baada ya kukimbiza, liache linguruma taratibu kwa dakika moja au mbili kabla ya kuzima, ili turbo ipoe huku oili ikiendelea kuzunguka.

Uvumilivu huo una sababu nyingine. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Uganda kikomo ni miaka 15. Tanzania inaruhusu, lakini gari kuukuu hutozwa ushuru wa ziada. Kwa hiyo yaliyopo ndiyo hayohayo, na kila linalouawa kwa haraka ya kupandisha presha si rahisi kupatiwa mwenzake.