Kosa la Tarehe: Vipindi vya Zamani vya Runinga ya Kenya Mtandaoni

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni niliandika insha kuhusu lafudhi za Kiswahili katika vichekesho vya Kenya. Miongoni mwa ushahidi wangu kulikuwa na kipande cha kipindi cha Vitimbi nilichokitazama YouTube, ambamo Mzee Ojwang anabishana na Mama Kayai kuhusu pesa za matumizi. Chini ya video hiyo palionyesha kwamba ilipakiwa mwaka 2019. Nami bila wasiwasi nikaandika kwamba kufikia mwaka huo vichekesho vya KBC vilikuwa bado vinategemea lafudhi za makabila kuwachekesha watazamaji. Insha iliporudi, mhadhiri alikuwa ameuzungushia mwaka ule duara la wino mwekundu na kuandika pembeni: "Mzee Ojwang alifariki 2015. Aliigiza akiwa kaburini?"

Wenzangu walicheka, nami nikacheka nao, ila moyoni niliona aibu. Hoja yangu ilikuwa imesimama juu ya tarehe moja tu, na tarehe ilipoanguka hoja nayo ikaanguka.

Insha hii imetokana na kosa hilo. Nakusudia kueleza jinsi vipindi vya zamani vya runinga ya Kenya vilivyopata watazamaji wapya mtandaoni, hasa sisi wa upande wa pili wa mpaka, nchini Uganda. Aidha, nakusudia kuonyesha kwamba mtandao umeturudishia vipindi hivyo bila tarehe, na mara nyingi bila majina ya waliovitengeneza. Kazi ya kuvirudishia historia yake imebaki mikononi mwetu.

Tuanze na runinga yenyewe. Runinga ilianza Kenya mwaka 1962 na Uganda mwaka 1963. Zanzibar ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena kwa picha za rangi, ilhali Tanzania Bara ilingoja mpaka mwaka 1994. Nchini Kenya serikali ilikitwaa chombo hicho mwaka 1964 na kukiita Sauti ya Kenya, chini ya wizara ya habari. Jina la KBC lilirudi mwaka 1989. Mpaka KTN ilipoanza mwaka 1990, aliyewasha runinga Kenya alikuwa na kituo kimoja tu, nacho ni cha serikali.

Katika mazingira hayo ndipo vilipozaliwa vichekesho ambavyo wazazi wetu wanavikumbuka. Vioja Mahakamani, kilichoanza miaka ya 1970, ni kipindi cha mahakama ya kuchekesha. Mshtakiwa anasimama kizimbani, kiongozi wa mashtaka anamhoji, naye hakimu anatoa hukumu. Mahakama huzungumza Kiswahili cha kanuni, na washtakiwa huzungumza Kiswahili chenye lafudhi za nyumbani kwao. Mtazamaji alicheka, na hapo hapo akajifunza kwamba jambo fulani ni kosa la jinai. Vitimbi nacho kilihamishia vioja hivyo nyumbani na mtaani. Mzee Ojwang, aliyejulikana kwa lafudhi yake ya Kijaluo, aliigizwa na Benson Wanjau, ambaye hakuwa Mjaluo bali Mkikuyu. Mama Kayai aliigizwa na Mary Khavere. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, lafudhi hizi ni ushahidi wa namna Wakenya walivyosikilizana na kutaniana. Ndiyo maana nilizitaka katika insha yangu.

Serikali zilichora mipaka ya utangazaji kwa sheria, lakini mawimbi hayana pasipoti. Baba yangu alikulia upande wa Uganda, si mbali na Busia. Anasema jirani yao alikuwa na runinga ndogo iliyotumia betri ya gari, na antena iliyofungwa juu ya mwanzi mrefu. Mtoto mmoja alitumwa nje kuuzungusha mwanzi huku waliomo ndani wakipiga kelele: "Hapo hapo! Umepitiliza, rudisha!" Picha ya KBC ilipotulia, watu walijaa sebuleni hadi mlangoni. Betri ikiisha katikati ya kipindi, basi, hukumu ya hakimu hawakuisikia kamwe. Baba alilijua neno "dhamana" kutoka Vioja Mahakamani kabla hajawahi kulisikia kituo cha polisi. Katika nchi ambayo wengi walikichukulia Kiswahili kuwa lugha ya askari na ya vitisho, wao walikisikia kama lugha ya kuchekea.

Hata hivyo, utazamaji huo ulikuwa na masharti matatu: mawimbi yafike, saa iwe ile ile iliyopangwa, na umeme uwepo. Kipindi kilichopita kilikuwa kimepita. Hata vituo vyenyewe havikuwa na uhakika wa kukihifadhi, kwa sababu kanda za picha zilikuwa ghali na ziliweza kurekodiwa upya. BBC, shirika tajiri kuliko yote ya kwetu, ilifuta kanda nyingi katika miaka ya 1960 na 1970, na ndiyo maana vipindi vingi vya mwanzo vya Doctor Who havipatikani hadi leo. Watangazaji wa wakati ule hawakujiona kama watunza kumbukumbu. Kazi yao ilikuwa kuijaza jioni ya leo, na kesho walikuwa na jioni nyingine.

Mabadiliko yalikuja kwa njia mbili zilizokaribiana. Ya kwanza ilipita chini ya bahari. Mwaka 2009 mikongo ya SEACOM na TEAMS ilifika Mombasa, na intaneti ya Afrika Mashariki, ambayo awali ilitegemea sana setilaiti, ikaanza kuwa ya kasi na nafuu zaidi. YouTube ilikuwa imeanzishwa mwaka 2005, lakini kwa wengi wetu ilianza kuwa na maana pale ambapo video iliweza kuchezwa bila kukwama kila baada ya sekunde kumi. Simujanja za bei nafuu zilipoingia, runinga ikahama kutoka sebuleni kwenda mfukoni.

Njia ya pili ilikuwa kuhama kutoka mfumo wa analojia kwenda wa dijitali, na hii kwetu ilianza kama hasara. Nchi nyingi zilikubaliana kwamba tarehe 17 Juni 2015 iwe mwisho wa matangazo ya analojia. Kenya ilianza kuzima mitambo yake Februari mwaka huo, na mgogoro uliofuata ukasababisha vituo vikubwa vya binafsi kutoonekana kwa zaidi ya wiki mbili. Huko kwetu hakuna aliyetuuliza. Siku moja antena ya baba, iliyokuwa imemhudumia tangu kabla sijazaliwa, ilileta chengachenga tupu. Aliizungusha pande zote nne, akashuka, akasema labda mvua. Hakuwa na pesa za king'amuzi. Julai mwaka ule ule Benson Wanjau akafariki, nasi tukapata habari hiyo redioni. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, nikadhani mambo hayo yote yamekwisha.

Yalirudi mwaka 2020. Shule za Uganda zilikuwa zimefungwa tangu Machi kwa sababu ya Korona, nasi tulikuwa nyumbani na simu moja ya shangazi. Julai 18 alifariki Charles Bukeko, Papa Shirandula wa Citizen TV, na kila mtu akawa anatafuta vipande vya kipindi chake. Tulipomaliza kutazama Papa Shirandula, mtandao wenyewe ukatupendekezea Vitimbi na Vioja Mahakamani. Baba alipoisikia sauti ya Mzee Ojwang kutoka jikoni aliacha alichokuwa akifanya. Hukumu ambayo betri ilimnyima ujanani sasa angeweza kuirudia mara tatu.

Hii ndiyo maana ya maisha mapya ya vipindi hivi. Kilichokuwa tukio la saa moja kimekuwa kitu cha kukaa. Watazamaji nao wamebadilika. Chini ya video utawakuta Wakenya walioko Marekani na nchi za Ghuba wakikumbushana walikotazamia zamani, na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa. Darasani kwetu tuko wanafunzi kadhaa tuliojizoeza kusikiliza Kiswahili kwa kutazama vichekesho hivi. Vituo navyo vimeliona soko hilo: KBC huweka vipindi vyake YouTube, na kampuni inayomiliki Citizen ilianzisha Viusasa mwaka 2017 ili watu walipie na kutazama kwa simu.

Lakini masharti ya zamani hayakutoweka, yamebadilika sura tu. Badala ya mawimbi kuna bando. Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii mwezi Julai 2018, na Julai 2021 kodi hiyo ikabadilishwa kuwa asilimia 12 juu ya data. Mtu anayehesabu shilingi za chumvi huhesabu pia dakika za video. Zamani runinga moja ya jirani iliwatosha watu ishirini. Leo kila mmoja anahitaji bando lake, na baba hutazama pale tu mimi ninapokuwa nyumbani.

Suala la pili ni la haki. Matangazo ya biashara yanayotangulia video huleta fedha, na fedha hizo humwendea mwenye chaneli. Mara nyingi mwenye chaneli si kituo kilichotengeneza kipindi, sembuse mwigizaji. Ni mtu aliyerekodi nyumbani au aliyenakili kutoka chaneli nyingine. Wengine hugeuza picha kulia kuwa kushoto ili mitambo ya kulinda hakimiliki isiitambue, na ukitazama kwa makini utaona maandishi ya ukutani yanasomeka kinyume. Wapo watakaosema kwamba bila watu hao tusingekuwa na vipande vingi tulivyonavyo, na nakubali. Lakini Mzee Ojwang aliwahi kuchangiwa na umma fedha za matibabu ya macho, licha ya kuwa mmoja wa watu waliotambulika zaidi nchini mwake. Mkataba wa Beijing kuhusu haki za waigizaji wa kazi za picha na sauti ulipitishwa mwaka 2012 na ukaanza kutumika mwaka 2020. Kwa waigizaji wengi wa kizazi chake ulichelewa mno.

Suala la tatu ndilo lililoniumbua. Mtandao unaonyesha siku ya kupakia, na hiyo si siku ya kutengenezwa wala kutangazwa. Kipande hukatwa mwanzo na mwisho, na hapo hapo ndipo yanapokuwa majina ya mwandishi, mwelekezi na waigizaji. Anayesoma historia akikichukua kama kilivyo, ataandika kama nilivyoandika mimi, kwamba marehemu anaigiza. Kwa hiyo hatuna budi kuisoma video kama tunavyosoma hati ya zamani. Tutazame noti zinazohesabiwa mezani na bei zinazotajwa, kwa kuwa bei hazidumu. Tutazame simu: ni ya waya, ya mkononi, au haipo kabisa? Kama kuna picha ya rais ukutani, tukumbuke kwamba Moi aliondoka Desemba 2002 na Kibaki Aprili 2013. Tuyasome hata maoni ya watazamaji, kwa sababu aliyetazama mara ya kwanza anaweza kukumbuka asichokijua aliyepakia.

Mhadhiri alinipa wiki moja kusahihisha. Nilikitazama tena kipande changu mara nyingi, nisipate picha ya rais wala simu. Mwishoni mwa wiki nilikwenda nyumbani nikamwonyesha baba. Hakungoja kiishe. "Hiki tulikitazama kwa jirani," akasema, "mama yako akiwa na mimba ya dada yako. Alicheka mpaka tukaogopa."

"Una hakika, baba?"

"Wewe unaniuliza mimi? Nani aliyekuwa akiuzungusha mwanzi?"

Dada yangu alizaliwa Machi 1998. Kumbukumbu ya mtu mmoja inaweza kukosea, na kipindi kinaweza kurudiwa hewani, kwa hiyo katika insha niliyoisahihisha sikuandika kwamba kipande hicho ni cha mwaka 1997. Niliandika kwamba kwa ushuhuda wa mtazamaji mmoja wa Busia, kilionekana si baada ya mapema mwaka 1998, kikapakiwa mtandaoni mwaka 2019. Hoja yangu ya kwanza niliifuta, na nafasi yake nikaandika hoja ndogo zaidi.

Mhadhiri hakuandika mengi safari hii, ila swali moja tu chini ya ukurasa: "Je, umemrekodi baba yako?" Sikuwa nimemrekodi. Likizo ijayo nitafanya hivyo, na ningewaomba wenzangu wenye wazazi na majirani waliokaa mbele ya runinga hizo wafanye vivyo hivyo. Video zitabaki mtandaoni. Wanaojua zilionekana lini, na nani alicheka, hawatabaki daima.